Hilux: kutoka 265/65R17 kwenda 285/70R17

Mkuu, umeuliza kama kuvalisha Hilux yako tairi za saizi 285/70R17 badala ya 265/65R17 kutavuruga spidi. Ndiyo, na si kidogo. Tairi la sasa lina kipenyo cha milimita 776 hivi, hilo jipya 831. Tofauti ni asilimia 7. Gari linahesabu mizunguko tu, kwa hiyo mshale ukisoma 80 wewe unakwenda karibu 86. Spidi mita nyingi hutoka kiwandani zikizidisha kidogo, basi linganisha kwanza na GPS ya simu. Kilomita nazo zitasomeka pungufu, kwa hiyo wahisha sevisi.

Mimi ningehofia zaidi gia. Kama uwiano wa difu yako (gia za ekseli zinazozungusha magurudumu) ni 4.10, gari litavuta kana kwamba ni 3.83, yaani kwa nguvu pungufu. Ukipanda mlima wa Kitonga na mzigo utarudisha gia mapema sana, na klachi itateseka kila unapoondoka. Kurekebisha spidi mita hakurudishi nguvu hiyo. Hapo ni kubadilisha meno ya difu, na kwa fowili (gari linalosukumwa na magurudumu yote manne) lazima ya mbele na ya nyuma yalingane.

Kwa gari la mzigo nakushauri 265/70R17, inaongeza kama asilimia 3.4 tu. Usisahau spea ya saizi hiyohiyo.