Maswali yenu: Saini za asubuhi, kisu na jogoo

*Shikamoo Daktari. Nasomea ubingwa wa upasuaji, mwaka wa pili. Bosi hunituma asubuhi ya operesheni nikamsainishe mgonjwa fomu ya ridhaa, wakati mwingine kwa operesheni ambayo sijawahi hata kuiona. Nifanyeje?*

Marahaba. Mrudishie fomu, kwa adabu: "Profesa, akiniuliza swali nitamdanganya." Mgonjwa mwenyewe hajala tangu jana usiku, ana kanula, ile sindano ya dripu, mkononi, kitanda kimeshaanza kusukumwa. Hapo atakataa nini? Ongea naye siku moja kabla, wodini, kwa lugha anayoielewa: anaumwa nini, mtakata wapi, kipi kinaweza kuharibika, kuna njia gani nyingine, na msipopasua itakuwaje. Nani atashika kisu, bingwa au wewe unayejifunza, naye ajue. Kisha akusimulie alichoelewa. Akijibu "ninyi madaktari ndio mnaojua", anza upya.

Mabingwa nanyi msijifiche. Mnalalamika vijana wa siku hizi hawana maadili, na hiyo tabia ya "saini hapa" wameiona kwenu. Mnampa mwanafunzi mhadhara mmoja wa maadili, halafu miaka yote iliyobaki anawatazama ninyi kwenye raundi.

*Naomba kitini cha maadili, mtihani ni wiki ijayo.*

Kila muhula! Sina, na ningekuwa nacho nisingekupa.

*Mama amekubali kuondolewa titi lenye saratani, mumewe amekataa. Nani asaini?*

Mama. Ni mtu mzima, ana akili timamu, na titi ni lake. Mume msikilize, tena kwa subira, maana ndiye atakayeuguza na kuchangisha pesa. Ila muulize mama kwanza akiwa peke yake.

*Thieta yetu (chumba cha upasuaji) orodha ya usalama, ile ya kuhakiki mgonjwa na operesheni yake, tunaijaza baada ya kushona, kuokoa muda. Kuna ubaya?*

Mnaghushi nyaraka. Orodha hiyo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, hapa hapa Tanzania. Matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vya waliopasuliwa vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mmesahau ya taasisi ya mifupa Muhimbili, 2007? Wagonjwa wawili walioitwa jina moja la kwanza: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Mwaka 2018, Hospitali ya Kenyatta kule Nairobi, akafunguliwa kichwa mtu ambaye hakuhitaji.

Kabla ya kisu kugusa ngozi, wote simameni, jina lisomwe kwa sauti kutoka kwenye bangili ya mgonjwa, upande wa kupasuliwa utajwe. Na intani, daktari aliye mafunzoni, akiuliza "ni mguu wa kulia au wa kushoto?", asifokewe. Ukimfokea leo, siku utakayokosea kweli atanyamaza.

*Picha za operesheni kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kama uso hauonekani?*

Alikubali? Kama hakukubali, futa leo. Kovu tu linatosha ndugu zake kumtambua.

*Mgonjwa kaniletea jogoo wa shukrani. Nimpokee?*

Kama ameshapona, pokea, mle na manesi. Kama bado anasubiri kupasuliwa, mrudishie jogoo wake, na umwambie wazi kwamba zamu yake haijasogea mbele wala nyuma.