Bibi Afya Anajibu: Mtaro, Mti na Mwalo

Oktoba hii barua zimekuja nyingi, na karibu zote zinazunguka jambo moja. Mtu wa hapa Mwanza anaona mtaa wake unachafuka na Ziwa Victoria linachafuka, anataka kutia mkono wake, hajui aanze na nani. Nimechukua tano, na nimejibu kama nilivyokuwa nikijibu kwenye baraza la ofisi ya kata kabla sijastaafu.

SWALI: Shikamoo Bibi Afya. Nina miaka 24, ni dereva wa bodaboda, nimehamia Mabatini kutoka Kahama. Nimepanga chumba karibu na Mto Mirongo. Mvua ikinyesha taka zinajaa hadi mlangoni. Nikisema tusafishe, wenye nyumba wananiambia mpangaji hana sauti, kesho atahama. Nifanyeje? (Msomaji, Mabatini)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo la mpangaji lisikukatishe tamaa hata kidogo. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, na hakuna anayeulizwa hati ya nyumba mlangoni. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, hakikisha umeandikwa kwenye daftari la wakazi, kisha uliza mkutano ujao ni lini na nani anashughulikia mazingira pale. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka pawe na msimamizi wa jambo hilo hadi ngazi ya mtaa. Unaweza kukuta jina lipo kwenye karatasi na mwenye jina yuko kwenye shughuli zake. Usigombane naye. Mwambie, "Mimi nipo, nipe kazi." Waliokuja ofisini kwangu kulalamika walikuwa wengi mno, lakini waliokuja na chepe begani nawakumbuka mpaka leo kwa majina.

Sasa tuutazame mto wenyewe, kwa sababu ukiuelewa utajua pa kushika. Mirongo unapokea maji ya milima inayouzunguka. Huko juu watu wamejenga katikati ya mawe, miti imepungua, mvua ikishuka haikuti cha kuizuia. Inashuka na mchanga, inashuka na maji ya vyoo vinavyotapishwa usiku wa mvua (tabia hii imeleta kipindupindu na kuhara majumbani, nami sitaacha kuisema), inashuka na kila kilichotupwa korongoni tangu kiangazi. Asubuhi baada ya mvua kubwa simama darajani uangalie kilichonasa: chupa za maji, pampasi, mabua, kandambili, na vile vifuko vyembamba visivyo na mikono. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepungua tangu ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na aliyewahi kuzibua mtaro kabla ya hapo anaijua tofauti. Vingine vyote bado vinapita mlangoni kwako kwenda ziwani, na ni ziwa hilohilo ambako jiji linavuta maji ya bomba, pale Capri Point na Butimba.

Siku ya kuanza unayo tayari: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi kitaifa. Kasoro yake kubwa ninayoiona kila mara ni hii. Watu wanazibua mtaro vizuri, wanarundika tope ukingoni, wanapiga picha, wanaondoka. Mvua ya kwanza inalirudisha tope lote ndani. Kwa hiyo kabla ya Jumamosi tafuteni guta na salfeti tupu, mkubaliane na mzoa taka wa mtaa tope litapelekwa wapi. Na mkianza, anzieni chini, maji yanakoishia, mpande juu. Ukianzia juu unamsukumia tope mwenzako wa chini.

Usianzishe kikundi kipya. Kijiwe chenu cha bodaboda kina mwenyekiti, kina mchango, kina vijana wanaojuana na wenye nguvu. Kijiwe kizima kikishuka mtoni siku moja na makoti yenu ya kazi, huyo mwenye nyumba aliyekuambia huna sauti atatoka ndani mwenyewe.

SWALI: Habari za kazi, dada. Sisi ni akina mama tunaoanika dagaa huku Igombe. Magugu maji yanaziba mwalo, mitumbwi inashindwa kuingia. Tumesikia yanatengenezwa mbolea. Ni kweli? Na tukitaka kuyatoa sisi wenyewe, tuanzie wapi? (Mama Mchuuzi, Igombe)

JIBU: Nzuri, mdogo wangu. Ni kweli, mbolea inatoka, na mimi nimeitumia kwenye kitalu changu. Ila nataka muingie kwenye kazi hii mkiwa mnajua ugumu wake.

Magugu haya asili yake ni Amerika ya Kusini. Yaliingia ziwani kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, mengi yakishuka na Mto Kagera, na katika miaka ya 1990 yakaziba ghuba na bandari. Waliletwa mbawakawa wadogo wanaokula majani yake, yakapungua sana, lakini hayakuisha. Yanaendelea kuota kwa sababu tunayalisha: maji ya vyoo, mbolea ya mashambani, udongo unaoshuka milimani. Kijana wa Mabatini niliyemjibu hapo juu akizuia tope kule, anakusaidieni nyinyi wa Igombe.

Kuhusu mbolea. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa gugu bichi ni maji. Msilibebe mbali likiwa bichi, mtaumiza migongo kwa kubeba maji. Livuteni nchi kavu, mliache lichuje siku kadhaa. Lundo la kuwafika kifuani litashuka hadi magotini. Hapo likatekateni kwa panga, mpange tabaka kwa tabaka: gugu, majani makavu, samadi ya ng'ombe, majivu kidogo, tena gugu. Funikeni kwa majani ya migomba au turubai lisilowe. Chomekeni kijiti katikati. Mkikichomoa baada ya siku chache kikiwa cha moto, lundo linafanya kazi. Kikiwa cha baridi, nyunyizieni maji au ongezeni samadi. Geuzeni kila baada ya wiki mbili, na baada ya miezi miwili au mitatu itakuwa nyeusi, inayopukutika mkononi, na harufu mbaya imekwisha.

Lundo lazima lipate moto wa kutosha, kwa sababu mbegu za gugu hukaa hai miaka mingi. Na yale yaliyoota karibu na mfereji wa maji machafu ya viwandani msiyapeleke kwenye mchicha wala mboga yoyote, kwa maana mmea huu hunyonya madini mazito na kuyahifadhi. Tumieni kwenye miche ya miti ya kivuli.

Hapa naongea kama bibi afya, na naomba mnisikilize. Kanda yetu ina kichocho kingi, na konokono wanaokibeba hupenda kushika kwenye mizizi ya magugu. Anayeingia majini avae buti za mpira zinazopanda, glavu pia kama zipo. Watoto wasiingie kabisa, hata wakisema wanasaidia. Anayeona damu kwenye mkojo au choo, au tumbo linamsumbua, aende zahanati akapimwe. Dawa yake ipo na inatibu. Na tazameni nyoka kabla ya kutia mkono.

Mlango wenu wa kuingilia ni BMU, kikundi cha ulinzi shirikishi cha mwalo wenu. Kamati yake inapaswa kuwa na wanawake. Kama hamna mwanamke ndani, ombeni nafasi uchaguzi ukija, na kabla ya hapo pelekeni ombi la siku maalumu ya kutoa magugu, wenye mitumbwi wavute, nyinyi mpokee nchi kavu. Siku hiyohiyo mwambieni kila mmiliki atoe nyavu zake chakavu zilizoachwa majini na mchangani. Wavu uliotelekezwa unaendelea kuua samaki bila mtu kula.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila mwaka tunapanda miti, kila mwaka inakufa. Wanafunzi wameanza kuvunjika moyo. Tunakosea wapi? (Mwalimu, Buhongwa)

JIBU: Mwalimu, nina hakika mnapanda tarehe 5 Juni.

Ni Siku ya Mazingira Duniani, wageni wanakuja, na mche unaingia shimoni mbele ya kamera. Lakini kwetu Mwanza masika yameshakwisha mwezi Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba mche unapigwa jua bila tone, na shule nazo zinafungwa Juni hiyohiyo. Hata mwarobaini hauvumilii kutupwa hivyo. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mtoto aliyeona mti wake umekauka hujifunza kwamba kupanda miti ni bure.

Chimbeni mashimo sasa, nusu mita kwenda chini na nusu mita upana, mchanganye udongo wa juu na samadi iliyooza, mpande mvua za vuli zikishakolea, Novemba. Mti utapata vuli yote, utapata masika, na Juni ikifika mizizi iko chini. Tarehe 5 Juni msiiache: tumieni siku hiyo kuhesabu miti iliyo hai, kuiwekea matandazo ya majani makavu na kutengeneza uzio wa miiba dhidi ya mbuzi.

Tatizo la pili ni likizo ya Desemba. Kabla ya kufunga shule, kila mti upewe mtoto anayeishi karibu, na mzazi wake aambiwe kwenye mkutano wa wazazi, mbele ya wengine. Chupa za plastiki zilizokwisha kutumika zitobolewe kifuniko kwa sindano ya moto, zijazwe maji, zisimikwe kichwa chini kando ya mche, zinadondosha taratibu. Maji ya kunawia mikono yanatosha. Aina ya miti: mwarobaini, mjohoro, mwembe kwa ajili ya watoto wenyewe. Mikaratusi msiweke karibu na kisima wala kijito. Na miti ishirini inayotunzwa naithamini kuliko mia tano iliyosomwa kwenye risala.

SWALI: Vijana tumeungana tutengeneze mkaa mbadala. Tunaweza kupata mkopo wa halmashauri? (Vijana, Igoma)

JIBU: Mnaweza. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejea mwaka 2024. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Lakini tengenezeni mkaa kwanza kwa mikono yenu, mama lishe wa Igoma waupikie, waseme kama unawaka na kama unatoa moshi. Nimeona vikundi vilivyoanzia kwenye mkopo, na fedha ikaja kabla watu hawajajuana.

SWALI: Bibi Afya, mimi ni mzee wa Magu. Vijana wanakuja na semina kutufundisha kutunza miti. Sisi Wasukuma tulikuwa na ngitili kabla yao. Kwa nini hamsemi hilo? (Mzee, Magu)

JIBU: Shikamoo, baba. Nalisema leo, na una haki ya kulidai.

Kwa msomaji wa mjini asiyejua: ngitili ni eneo linalofungwa mvua zikianza, majani na miti ikapumzika, kisha likafunguliwa kiangazi kikali ng'ombe wapate malisho. Jirani zetu Shinyanga walikuwa wamebaki na ardhi tupu. Misitu ilikatwa kufukuza mbung'o, kisha kupisha pamba. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, kilichofanya kazi ni kuwarudishia wazee utaratibu wao, dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, ikakaa, ikaweka sheria na faini zake. Ngitili zikarudi, zaidi ya hekta 300,000 kwa makadirio, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Miche mingi haikupandwa. Visiki vilivyokuwa hai chini ya ardhi viliachwa vichipue.

Baba, nakuomba jambo moja. Hao vijana wa semina wakija tena, wachukue uwapeleke ukawaonyeshe ngitili ilipokuwa, na mtu aliyekuwa akitoza faini. Wengi wao hawajawahi kuambiwa.

Kabla sijafunga, msomaji wa Luchelele aliyetuma picha ya kifusi kilichomwagwa ufukweni na jirani anayetaka kujenga baa: Sheria hiyohiyo ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Andika barua kwa mtendaji wa mtaa, mtie saini watu kadhaa, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, nenda na nakala hiyo kwa afisa mazingira wa Jiji, kisha NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, Kanda ya Ziwa, ofisi zao zipo hapahapa Mwanza. Fanya wiki hii, kabla nondo hazijasimama.