Waulize Wachambuzi: Kwa nini Kongresi ilishindwa kuwatoa askari Iraq?

*Katika uchaguzi wa Novemba 2006, Wamarekani waliokwisha kuchoshwa na vita vya Iraq waliwapa chama cha Democratic, wapinzani wa Rais, wingi katika mabaraza yote mawili ya Kongresi (bunge la Marekani): Wawakilishi na Seneti. Januari 2007, Rais George W. Bush wa chama cha Republican akatangaza kuongeza askari zaidi ya 20,000. Maswali mengi tuliyoletewa mwezi huu yanahusu mvutano uliofuata.*

Chama kimeshinda, wananchi wanataka askari warudi, kumbe ndiyo kwanza wanaongezwa. Inawezekanaje? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu msomaji, anza na idhini yenyewe ya vita. Ilipitishwa Oktoba 2002 kwa kura 296 dhidi ya 133 katika Baraza la Wawakilishi, na 77 dhidi ya 23 katika Seneti. Haikuwekewa tarehe ya mwisho. Tangu hapo, aliyetaka vita viendelee hakuhitaji idhini mpya. Mzigo ulimwangukia aliyetaka viishe.

Naye alikuwa na vizingiti viwili. Katika Seneti, kufunga mjadala ili muswada upigiwe kura kunahitaji maseneta 60 kati ya 100. Julai 2007, baada ya kikao cha kukesha usiku kucha, pendekezo la kuwaondoa askari lilipata kura 52 dhidi ya 47 likaishia hapo, ingawa wengi walilikubali. Ukivuka kizingiti hicho, unakutana na kura ya turufu ya Rais, yaani uwezo wake wa kuukataa muswada. Kuitengua kunahitaji theluthi mbili katika kila baraza.

Muswada wa fedha za nyongeza za vita, wa dola bilioni 124 hivi, uliofungamanishwa na tarehe za kuwaondoa askari, ndio uliofika mbali zaidi. Mwishoni mwa Aprili 2007 ulipita kwa kura 218 dhidi ya 208 kwa Wawakilishi, na 51 dhidi ya 46 katika Seneti. Katika hizo 51 walikuwamo Republican wawili tu, Chuck Hagel na Gordon Smith. Bush akaukataa Mei 1. Siku ya pili yake Wawakilishi wakajaribu kumpinga, wakapata 222 dhidi ya 203. Kwa waliopiga kura siku ile, theluthi mbili ni 284. Walipungukiwa na kura 62.

Muswada huo ulisema askari wote waondoke? (Msomaji, Kigoma)

Hapana, na hili lilipotoshwa na pande zote mbili majukwaani. Kuanza kuwaondoa kulikuwa lazima: si zaidi ya Oktoba 1, 2007, au Julai 1 kama Rais asingethibitisha kwamba serikali ya Iraq inapiga hatua. Kumaliza ndani ya siku 180 kuliandikwa kuwa *lengo* tu. Tena wangebaki askari wa kulinda wanadiplomasia, wa kupambana na al-Qaeda na wa kufundisha jeshi la Iraq. Hakuna idadi iliyotajwa kwa kazi hizo tatu, kwa hiyo maelfu wangeweza kubaki bila sheria kuvunjwa. Ukisoma muswada wowote wa aina hii, tafuta kwanza vifungu vya nani anabaki. Tarehe huja baadaye.

Si wangegoma tu kupitisha fedha? Rais hawezi kupigia turufu muswada ambao haupo. (Msomaji, Nairobi)

Umegusa penyewe. Hiyo ni silaha ya Kongresi isiyohitaji saini ya Rais, na wabunge kadhaa wa Democratic waliitaka itumike. Ilikwama kwa sababu mbili.

Kwanza, fedha zisipopita, askari hawapandi ndege kesho yake. Jeshi huhamisha fedha kutoka mafungu mengine, kama mafunzo na matengenezo ya kambi za nyumbani. Mwaka ule ilikadiriwa kwamba lingeweza kujikimu hivyo hadi Julai. Miezi yote hiyo Rais angesimama jukwaani akisema wapinzani wamewatelekeza vijana vitani, na wabunge wa Democratic waliotoka majimbo yenye Republican wengi wasingestahimili kishindo hicho.

Pili, Republican walikuwa na hoja nyingine ambayo si ya kubeza: ukimtangazia adui siku ya kuondoka, atajificha mpaka siku hiyo ipite. Democratic walijibu kwamba bila tarehe, wanasiasa wa Baghdad hawana sababu ya kupatana. Kwetu sisi, jibu hilo lilikuwa na uzito, lakini kulieleza kwa mpiga kura ni kazi ngumu kuliko kusema "tusiwatelekeze".

Mei 24 fedha zikapita bila tarehe. Vikawekwa vigezo 18 vya kuipima serikali ya Iraq, na ripoti za Julai na Septemba. Democratic 140 walipiga kura ya hapana, akiwamo Spika wa Wawakilishi, Nancy Pelosi, mwenyewe, lakini muswada ulipita kwa 280 dhidi ya 142.

Mbona Somalia Kongresi iliweza? (Msomaji, Garissa)

Baada ya mapigano ya Mogadishu ya Oktoba 1993, Kongresi ilizuia fedha za operesheni ya jeshi la Marekani kule Somalia baada ya Machi 31, 1994. Lakini tarehe hiyo alikuwa ameshaitangaza Rais Clinton mwenyewe. Ukomo wa fedha hupita kwa urahisi pale Rais anapokuwa amekwisha kukubali kuondoka.

Nani basi aliyeweka tarehe ya Iraq? (Msomaji, Muscat)

Wairaki na Bush, yule yule aliyekataa tarehe. Mkataba wa Novemba 2008 ulitaka askari watoke mijini kufikia Juni 30, 2009, na nchini kufikia Desemba 31, 2011. Mwaka 2011 serikali ya Obama ilijadiliana kubakiza baadhi. Mazungumzo yakavunjika kwenye kinga: Washington ilitaka askari wake wasishitakiwe katika mahakama za Iraq, na uongozi wa Iraq haukuwa tayari kulipeleka hilo bungeni kwake. Msafara wa mwisho uliingia Kuwait Desemba 18, 2011.

Kuondoa jeshi kunachukua muda gani? (Msomaji, Tanga)

Askari mwenyewe ni ndege ya siku moja. Kinachochelewesha ni vifaa. Magari yalikwenda kwa misafara hadi Kuwait, na kabla ya kupakiwa melini kila moja lilipekuliwa risasi zilizosahaulika, kisha likaoshwa kwa maji ya presha. Wakaguzi wa kilimo wa Marekani hawaruhusu udongo wa kigeni uingie nchini, kwa hiyo tope hukwanguliwa hadi chini ya vyuma vya sakafu. Likikutwa donge moja, gari linarudi kwenye foleni. Ukifupisha ratiba, unachagua kati ya kuziacha mali, kuzikabidhi kwa jeshi la wenyeji, au kuziteketeza. Tena kikosi kinacholinda barabara ndicho hutoka mwisho, kikiwa kimebaki peke yake.