Nina RB tu, bima wanataka ripoti ya polisi: niombe nini, kwa nani?

SWALI: Shikamoo wakili. Kaka yangu ni dereva bodaboda hapa Kigoma. Mwaka jana aligongwa na lori kwenye barabara ya kwenda Mwandiga, akavunjika mguu na mkono, akalazwa Maweni. Kampuni iliyokatia lori bima inataka "ripoti kamili ya polisi". Sisi tuna kikaratasi cha RB tu, kile chenye namba ya taarifa tuliyotoa kituoni. Kila tukienda kituoni tunaambiwa faili halitolewi, au mpelelezi yuko safarini. Nasikia kuna sheria ya taarifa ya 2016. Naweza kuitumia kulidai faili? – Msomaji, Mwanga

JIBU: Marahaba, na poleni sana.

Aliyekwambia faili halitolewi amesema kweli, ila hakukumalizia. Ndani ya jalada la upelelezi mna maelezo ya mashahidi na maelekezo ya wakubwa kwa mpelelezi. Hilo harudi nalo nyumbani mlalamikaji wala wakili wake. Lakini bima hawalihitaji. Wakisema "ripoti kamili" wanataka fomu chache zenye namba. Wewe unafika kaunta unaomba "ripoti", askari anasikia "faili", anakataa, mnaachana hapo.

Kwa hiyo taja fomu za polisi (PF) kwa majina yake. PF 115 ni taarifa ya awali ya ajali. PF 93 ni ya ukaguzi wa gari, ile inayoeleza kama breki na usukani vilikuwa vizima. PF 90 ndiyo taarifa ya mwisho, na hiyo ndiyo bima huisubiri zaidi. Ongeza mchoro wa eneo la ajali. Kama dereva wa lori alishafikishwa mahakamani, bima watadai pia hati ya mashtaka na nakala ya hukumu. Hizo usihangaike nazo kituoni; ziombwe kwenye masijala ya mahakama iliyosikiliza kesi, kwa namba ya kesi, zikiwa zimegongwa muhuri wa nakala halisi.

Sasa, kwa nani? Kaunta wanaandika RB, hawashiki fomu za ajali. Fomu ziko kitengo cha usalama barabarani, kwa DTO, yaani mkuu wa trafiki wa wilaya. Nenda kwake ukiwa na barua, usiende kuuliza kwa mdomo. Mpelelezi anaweza kuwa safarini mwezi mzima, lakini barua iliyosajiliwa masijala lazima mtu aijibu. Iandike hivi, isizidi ukurasa mmoja:

"YAH: MAOMBI YA NAKALA ZA PF 90, PF 93, PF 115 NA MCHORO WA AJALI, RB NA. ... Mimi ni majeruhi wa ajali iliyotokea tarehe ... eneo la ... ikihusisha pikipiki namba ... na lori namba ... Naomba nakala tajwa kwa ajili ya kuwasilisha madai ya bima. Nimeambatisha nakala ya RB, kitambulisho cha taifa na barua ya kampuni ya bima."

Aandike kaka yako mwenyewe, siyo wewe. Kama mkono haujapona, aweke dole gumba mbele ya shahidi. Ukitaka kufuatilia kwa niaba yake, akupe hati ya uwakili. (Na kwa wasomaji waliofiwa: anayeomba awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Bima wenyewe hawatamlipa mtu mwingine, hata awe mzee wa ukoo.) Toa nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Bila muhuri huo hutakuwa na cha kuonyesha utakapopanda ngazi kwenda kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, kisha kwa RTO, mkuu wa trafiki wa mkoa. Ukitajiwa ada, omba namba ya malipo ya serikali ulipe kwa simu au benki. Ukiambiwa utoe mkononi, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Kuhusu sheria uliyoisikia: ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016. Ni kweli inampa raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Lakini inaruhusu kuzuiwa kwa taarifa ambayo ikitolewa itaharibu upelelezi unaoendelea, au itaingilia faragha ya mtu mwingine bila sababu ya msingi. Ukiitumia kudai jalada zima, umewapa sababu ya kukunyima. Mimi huiweka mstari wa mwisho wa barua, baada ya kutaja fomu moja moja. Fomu ya ukaguzi wa breki za lori ni vigumu kwa mtu yeyote kusema inaharibu upelelezi. Wakikataa, waombe wakupe sababu kwa maandishi, kisha uombe mapitio kwa mkuu wa taasisi.

Hujaigusa PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Ile fomu ambayo daktari aliijaza Maweni ilirudi polisi na imo jaladani. Kama hamkuipiga hata picha kwa simu, msianze kuisaka huko. Kaka yako ana haki ya kuomba ripoti ya matibabu hospitali alikotibiwa, na kwa madai ya fidia hiyo mara nyingi inaeleza majeraha kwa kina kuliko PF3.

Jambo moja la haraka. Ikibidi kufungua shauri la madai ya fidia mahakamani, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inawapa miaka 3 kwa madhara ya aina hii, na saa ilianza kuhesabu siku ya ajali, siyo siku PF 90 itakapotoka. Barua iende wiki hii.