Barua kwa mwanangu: Kasri ya Beit el Ras na skuli iliyokuja baada yake

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifika, na suala lako nimelikalia kabla ya kushika kalamu. Umeuliza kasri ya mfalme iligeukaje skuli pale Beit el Ras, hapa kwetu Unguja, na kwa nini ule ukumbi wa mawe uliobaki usivunjwe ikiwa umejengwa enzi za utumwa. Unasema wenzako wa usanifu majengo pale Chuo Kikuu Ardhi mmebishana sana, na wapo wanaoona ni fedheha kuuweka katikati ya wanafunzi. Mimi ualimu nimeusomea hapo hapo Beit el Ras, basi nisikilize.

Ilianza kwa nyumba kujaa. Seyyid Said, Sultani wa Oman na Unguja, alikuwa akikaa Mtoni, kasri iliyokuwa imeshasimama miaka ya mwanzo ya 1830, pwani hiyo hiyo, kusini kidogo ya Beit el Ras. Bintiye Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameandika kwamba mle ndani waliishi watu wapatao elfu moja: masuria, watoto, wajukuu, watumishi, watumwa. Alipofariki, Seyyid Said aliacha watoto hai 36, wanaume 18 na wanawake 18. Basi mwaka 1847 akaanza kujenga Beit el Ras ili watoto na watumishi wao wapate nafasi. Hilo huwa nalikumbuka kila nikipita njia ya Bububu, kwamba nyumba ile tangu msingi wake ilikusudiwa watoto.

Haikumalizika. Oktoba 1856 Seyyid Said alikuwa baharini akirudi kutoka Maskati, akafia ndani ya jahazi lake karibu na Shelisheli. Dola ikagawika baina ya wanawe, Thuwaini akashika Oman na Majid akashika Unguja, na kwa uamuzi wa Waingereza wa mwaka 1861 Unguja ikatakiwa kuilipa Maskati riale 40,000 kila mwaka. Majid hakuendelea na ujenzi wa baba yake. Yeye moyo wake ulikuwa ng'ambo, Mzizima, alikokwenda kuanzisha mji wa Dar es Salaam, huko huko unakosoma wewe sasa. Beit el Ras ikabaki kuta na matao, magugu yakaota.

Halafu mawe yakaanza kuondoka. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli kutoka mjini, karibu na Ngome Kongwe, hadi Bububu, kama kilomita 11. Mawe mengi ya kasri yakachukuliwa kwa kazi hiyo. Reli yenyewe haikudumu. Mawe ya mfalme yakatandikwa chini ya gari la moshi, na gari la moshi nalo likapita. Watu wa makamo ya bibi yako walikuwa wakilisimulia hilo gari kana kwamba wamelisikia jana likipita Darajani, limebanana na milango ya watu.

Kwa hiyo skuli ilipojengwa mwaka 1947 haikuingia ndani ya kasri, maana kasri ya kuingia haikuwepo. Ilijengwa kwenye kiwanja chake, kando ya magofu. Kilichosalia ni ukumbi wa mbele tu, wenye matao mapana na ngazi kali upande mmoja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na baada ya Mzee Karume kutangaza elimu bure tarehe 23 Septemba mwaka huo huo, nchi ilihitaji walimu wengi kwa haraka. Hapo ndipo Chuo cha Ualimu Nkrumah kinapoingia katika habari hii, na walimu waliokwenda kufundisha Makunduchi, Nungwi, Wete na Micheweni wengi wametokea pale. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Sasa hili la utumwa. Sitakuficha wala sitalilainisha. Mkataba aliotia saini Seyyid Said mwaka 1845 ulikataza kusafirisha watumwa kutoka milki zake za Afrika kwenda Arabuni, na ulianza kutumika Januari 1847, mwaka ule ule msingi wa Beit el Ras ulipowekwa. Lakini ndani ya milki zake za huku biashara iliendelea. Soko la watumwa la mjini halikufungwa mpaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria mpaka 1897. Fedha ya kasri ilitoka kwenye karafuu na pembe za ndovu. Karafuu zilipandwa na kuchumwa na watumwa, na pembe zilitoka bara mabegani mwa wapagazi, wengine huru, wengine watumwa. Hakuna tao la zama zile Unguja ninaloweza kulisifu kwako bila kukutajia watu hao.

Ndiyo maana nasema lisivunjwe. Wale watu hawakuandikiwa majina popote, hawana kaburi tunalolijua, hawana picha. Kazi ya mikono yao ndiyo iliyosalia, jiwe la matumbawe na chokaa waliyoichoma. Ukilibomoa tao, unayemfuta si Seyyid Said. Yeye ana vitabu, ana picha, ana kaburi mjini. Ninachokitaka mimi ni mwanafunzi aambiwe yote mawili siku ya kwanza anapoingia, nani aliamuru na nani alibeba. Sisi tulifundishwa jina la mfalme tu, na hilo linaniuma hadi leo.

Kuna jambo jingine kuhusu Salme. Zama zake watoto wa kike wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika walikuwa wakifundishwa wavulana. Yeye akachukua mfupa wa bega la ngamia, ndio uliokuwa ubao wao wa kuandikia, akawa ananakili herufi za msahafu kwa siri mpaka mkono ukazoea. Kumbukumbu zake zilichapwa Ujerumani mwaka 1886, na nyingi ya habari tunazozijua za ndani ya kasri zile zimetoka kwake. Nami, binti wa mkulima, nimekaa juu ya ngazi za nyumba ya baba yake nikiandaa somo la kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza kuandika, upepo wa bahari ukinipeperushia karatasi. Wenzangu wa kike wa dakhalia walikuwa pembeni yangu wakifanya hivyo hivyo. Waambie na hilo wenzako.

Ukija Sikukuu, omba ruhusa mapema kwa uongozi wa kampasi, uje na futi ya kupimia na daftari lako. Nataka uuchore ule ukumbi wote, upana wa matao, unene wa kuta, idadi ya vidato vya ngazi, na pale chokaa ilipoanza kubanduka upige picha. Chokaa hiyo inahitaji kuzibwa kwa chokaa mwenzake. Wakiipaka saruji unyevu utabaki ndani na jiwe litaoza, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Mchoro ukiwa tayari nitaupeleka mwenyewe kwa wanaohusika.

Baba yako anakusalimu. Usisahau kunijibu kuhusu nauli ya boti.

Mama yako