Uliza Mpiga Picha: Waridi langu limetoka kijivu, tena na ukungu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimerithi kamera ya filamu ya marehemu babu, ile ya kuchungulia kupitia lenzi, na lenzi yake ni ya milimita 50. Nilitaka kupiga maua kwa karibu, lakini nikisogea chini ya sentimita 45 haishiki. Rafiki akanipa pete tupu ya chuma ya milimita 25, ya kuweka kati ya lenzi na kamera. Nikapiga mkanda mzima, picha 36, kila picha ua lake. Kwa kuwa ndani ya kidirisha cha kuchungulia kulikuwa na giza, nilifungua tundu la lenzi, lile la kupitishia mwanga, hadi 2. Mkanda uliposafishwa nikakuta ncha ya petali moja inaonekana vizuri, ua zima lililobaki ni ukungu. Waridi jeupe ndilo limeniuma zaidi, maana limetoka rangi ya majivu. Je, lenzi imekufa? – Mjukuu wa Mwenye Kamera

JIBU: Marahaba, mjukuu. Lenzi ni nzima. Ncha ile ya petali uliyoiona vizuri ndiyo ushahidi, kwa sababu lenzi mbovu isingekupa hata hiyo.

Kwanza uijue pete yako. Haina kioo ndani, kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na filamu. Gawanya urefu wa pete kwa urefu wa lenzi: 25 kwa 50 ni nusu. Maana yake ua linatua juu ya filamu likiwa nusu ya ukubwa wake halisi, na waridi lenye upana wa sentimita 5 linajaza fremu toka juu hadi chini. Ndicho ulichokitaka. Ila ukubwa huo una malipo yake. Kwa tundu namba 2 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), eneo linaloonekana kali halifiki hata milimita moja, mbele na nyuma vikijumlishwa. Kwa namba 8 unapata kama milimita 3. Waridi lina kina cha vidole viwili au zaidi, kwa hiyo hutalipata lote, na usijaribu kulipata lote. Chagua sehemu moja ya ua, hiyo ndiyo iwe kali, na zilizobaki ziache ziyeyuke.

Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipopotezea mikanda yangu ya mwanzo. Nilikuwa napiga hibiskasi nyekundu. Ukilitazama ua hilo kwa karibu utaona mhimili mrefu unaotoka katikati, umejaa chavua ya njano, na kwenye kilele chake kuna vifundo vitano vidogo vyekundu, vyenye vinyweleo kama mahameli. Hivyo vitano ndivyo nilivyovitaka. Nilizungusha pete ya fokasi mpaka vikawa kali, nikavuta pumzi, nikafyatua. Picha zikatoka, na kilichokuwa kali ni chavua ya nyuma. Pumzi ile ilikuwa imenisogeza mbele kuliko zile milimita 3! Nilirudia kosa hilo mikanda miwili kabla ya kulielewa.

Tangu hapo siigusi pete ya fokasi nikishafika karibu. Naiweka mahali pamoja, kisha nausogeza mwili mzima mbele na nyuma, taratibu, mpaka kile ninachokitaka kiingie chenyewe kwenye ukali, na hapo nafyatua baada ya kutoa pumzi. Kama una stendi ya miguu mitatu, itumie, na pamoja nayo waya wa kufyatulia, ili kidole chako kisiitikise kamera. Upepo nao ni adui. Piga alfajiri, kabla haujaamka, na shina la ua ulibane kwa kibanio cha nguo kwenye kijiti ulichokichomeka pembeni, nje ya fremu.

Kuhusu weupe uliogeuka majivu, kipima mwanga cha kamera hakijui kama mbele yake kuna waridi au ukuta. Kila kitu hukipima kana kwamba ni cha kijivu cha wastani. Ukijaza fremu kwa petali nyeupe, kitaona mwanga umezidi na kukushauri uupunguze. Usikitii. Ongeza hatua moja au moja na nusu juu ya kilichosema; kila hatua ni mwanga mara mbili. Kamera yako ikipima mwanga kupitia lenzi, upungufu unaoletwa na pete imeshauhesabu. Ukipima kwa kifaa cha mkononi, ongeza hatua moja na kidogo kwa pete hiyo, na hatua 2 kamili utakapofikia ukubwa halisi wa ua. Daftari langu linasema hivi kuhusu waridi jeupe kwenye kivuli chepesi: filamu ya ASA 100 (kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga), tundu 8, shata sekunde 1/15. Kwa spidi hiyo usishike kamera mkononi.

Wapo watakaokwambia ufunge tundu hadi 22 upate kina kikubwa cha ukali. Mimi sikubali. Kwa ukaribu huo picha nzima inalegea ukali, na vijiti na majani ya nyuma, ambavyo ulitaka vipotee, vinajitokeza. Baki kwenye 8 au 11, na nyuma ya ua weka kadi nyeusi au ya kijivu. Mjerumani Karl Blossfeldt, aliyefariki mwaka 1932, alipiga vichipukizi na vikonyo vya mimea kwa kamera ya kujitengenezea, akivikuza hadi mara 30, na nyuma ya mmea aliweka mandhari tupu. Ndiyo maana jicho halina pa kukimbilia.

Na mkanda ujao, tafadhali, usipige maua 36. Piga ua moja. Tundu 2, kisha 4, kisha 8, kisha 11, halafu rudia ukihamisha ukali kutoka ukingo wa petali hadi moyoni mwa ua. Kila picha iandikie namba, tundu, shata na mahali ulipolenga. Filamu haikuandikii chochote, na baada ya wiki utakuwa umesahau.

SWALI: Kamera yangu ya zamani lenzi yake haitoki, na kidirisha kiko pembeni ya lenzi. Kila nikichungulia naona ua safi, lakini picha inatoka ukungu na ua limekatwa kichwa.

JIBU: Kidirisha chako hakipiti kwenye lenzi, ndugu yangu, kwa hiyo hakiwezi kukuonyesha ukungu. Tafuta kioo cha ukaribu cha +2, kifunge mbele ya lenzi, fokasi iweke mbali kabisa, kisha pima sentimita 50 kamili kutoka kwenye kioo hadi kwenye ua. Mimi nilifunga uzi wenye fundo. Ukishapanga picha, isogeze kamera kuelekea kilipo kidirisha, kiasi cha nafasi iliyopo kati yake na lenzi, ndipo ufyatue.

SWALI: Kwenye filamu nyeusi-nyeupe ua jekundu na majani yake vinafanana. Nifanyeje?

JIBU: Weka kichujio chekundu, ua litang'aa na majani yatakuwa meusi. Cha kijani kitafanya kinyume chake. Chekundu kinakula karibu hatua 3 za mwanga, na baadhi ya vipima mwanga vya zamani hudanganyika nacho, kwa hiyo pima kwanza bila kichujio, halafu uongeze mwenyewe.