Meza ya plazma ya CNC kwa karakana ndogo: pesa iende wapi kwanza

Wengi wanaotaka meza ya plazma ya CNC, yaani inayokata chuma tochi ikiongozwa na kompyuta, huanza kwa kuulizia ukubwa na bei ya meza. Hapo ndipo mambo huharibika. Meza ni fremu, reli na mota chache. Ikiwa na kasoro, fundi mzuri wa chuma anairekebisha mwenyewe. Kinachoamua kama utatoa kazi safi au utashinda umeshika grenda ni vitu vitatu: mashine ya plazma inayotoa moto (mkondo wa umeme na hewa unaoyeyusha chuma), hewa unayoilisha, na kifaa kinacholinda urefu wa tochi juu ya shiti. Bajeti ikibana, punguza kwingine kote lakini hapo usiguse.

Unene wa chuma na ampea

Karakana ya mageti, grili na makabati hukata zaidi shiti za geji 18 (karibu mm 1.2) mpaka mm 3, na mara mojamoja plati ya mm 6 hadi 10 kwa ajili ya flanji, sahani za nguzo na vipande vya trela. Kwa kazi hiyo ampea 45 zinatosha. Ampea 65 ni nzuri kama umeme na kompresa vinaruhusu.

Ukisoma karatasi ya mashine, jua kwamba unene unaotajwa ni wa aina tatu: unaoweza kutobolewa katikati ya plati, unaoweza kukatwa kwa kasi ya maana ukianzia ukingoni, na ule wa kutenganisha tu, ambao huacha mkato mbaya. Hypertherm Powermax45 XP, kwa mfano, hutoboa mm 12, hukata mm 16 na hutenganisha mm 29. Muuzaji atakutajia 29. Kwenye CNC karibu kila mkato huanza kwa kutoboa, kwa hiyo namba yako ni 12.

Tazama pia dyuti saiko, yaani dakika ngapi kati ya 10 mashine inaweza kuwaka bila kujizima kwa joto. Anayekata kwa mkono hupumzika, hupangusa jasho, hugeuza kipande. CNC haina habari hizo, na geti lenye maua mengi huiwasha karibu mfululizo. Powermax45 XP hiyohiyo ni asilimia 50 kwenye ampea 45, na asilimia 100 kwenye ampea 32. Nunua mashine ambayo ampea zako za kila siku ziko chini ya kilele chake.

Namna inavyowasha moto

Hili wauzaji hulipita haraka, nalo ndilo linaloua meza nyingi za bei nafuu. Mashine za plazma huwasha moto kwa njia mbili kuu. Baadhi hutumia HF, yaani cheche za volti kubwa na masafa ya juu. Nyingine husukuma elektrodi (kipande cha ndani kinachobeba umeme) kwa hewa ili iachane na nozeli (ncha yenye tundu la kutolea moto) na kuzaa cheche ndani ya tochi, bila HF kabisa.

Kwa kukata kwa mkono, HF haina shida. Kwenye CNC, mlipuko ule wa mawimbi huingia kwenye nyaya za mota, za swichi na za kompyuta. Dalili zake ni hizi: skrini inaganda tochi inapowaka, mashine inasimama ikidai imegonga mwisho wa reli, au kipande kinaanza vizuri na katikati ya kazi kinahama milimita kadhaa bila sababu. Mwenye mashine hubadilisha mota, hubadilisha kompyuta, na ugonjwa hauondoki. Unaweza kupambana nao kwa nyaya zenye ngao, nguzo ya ethi (ya kupeleka umeme ardhini) ya meza peke yake, na kutenganisha nyaya za tochi na za mota kwa nafasi ya kutosha, lakini ni rahisi zaidi kununua mashine isiyo na HF tangu mwanzo. Muulize muuzaji waziwazi, na jibu liwe kwenye karatasi.

Ethi lakini haikwepeki hata kama hakuna HF. Fremu ya meza ipate nguzo yake ya shaba ardhini karibu na meza, na kibano cha plazma kishike shiti yenyewe au sehemu ya meza isiyo na rangi wala kutu.

Mambo mengine mawili kwenye mashine hiyo: iwe na tochi iliyonyooka ya mashine (ya mkono ukiifunga kwenye meza hukaa mshazari na kukata mshazari), na iwe na tundu la CNC linalotoa volti ya moto iliyogawanywa, mfano 50 kwa 1 (kila volti 50 za moto zitoke kama 1), ili kifaa cha urefu kiisome. Bila tundu hilo utalazimika kufungua mashine na kuunga nyaya ndani, mahali penye volti za kuua.

Urefu wa tochi

Geji 16 ikipata joto hujikunja. Tochi ya ampea 45 hukata ikiwa karibu mm 1.5 juu ya shiti. Shiti ikinyanyuka mm 2 nozeli inaigonga, ikishuka mm 2 mkato unapanuka na slagi (chuma kilichoyeyuka) inaganda chini. Ndiyo maana meza isiyo na THC, kifaa cha kudhibiti urefu, inafaa tu kwa plati nene zisizojikunja.

Mzunguko mzima wa kazi uwe hivi: tochi inashuka mpaka iguse shiti, inapanda hadi urefu wa kutoboa (karibu mm 3.8 kwa ampea 45), inawasha, inasubiri sehemu ya sekunde mpaka chuma kipenye, inashuka hadi mm 1.5, ndipo inaanza kutembea. Ikitoboa ikiwa chini mno, chuma kilichoyeyuka hurukia nozeli na kuiziba. Ukiona nozeli zinakufa baada ya vipande vichache, chunguza urefu wa kutoboa kabla ya kumlaumu aliyekuuzia nozeli.

Wakati wa kukata, THC husoma volti ya moto: tochi ikiwa juu volti hupanda, ikiwa chini hushuka. Kwa makadirio, volti 5 ni nusu milimita. Kuna mitego miwili. Kwanza, kwenye kona mashine hupunguza mwendo, upana wa mkato huongezeka, volti hupanda, THC hudhani tochi imepanda na kuizamisha kwenye shiti. Kifaa kizuri hujifunga chenyewe mwendo unapopungua. Hakikisha chako kina kipengele hicho. Pili, elektrodi ikiliwa volti hupanda hata tochi ikiwa mahali pake, na THC huishusha kidogokidogo kila siku mpaka nozeli ikwaruze shiti. Hapo suluhisho ni elektrodi mpya au kupandisha volti uliyoiweka.

Kuhusu kugusa shiti, njia ya umeme kupitia ncha ya tochi ni sahihi sana lakini hudanganywa na rangi, kutu na maji. Kishikilia tochi kinachoelea chenye swichi hakijali hayo, ila hubonyeza shiti nyembamba kabla ya kuitambua. Meza yenye vyote viwili ndiyo ya kuchukua.

Hewa

Mashine ya ampea 45 hunywa takribani lita 190 za hewa kwa dakika kwa shinikizo la karibu baa 6, muda wote inapowaka. Kompresa ya kupaka rangi ya lita 50 itajaza tangi, itaanza vizuri, na baada ya muda mfupi shinikizo litaanguka na mkato kuharibika. Tena lita zilizoandikwa kwenye kompresa mara nyingi ni za pistoni, si za hewa inayotoka. Ukikadiria theluthi mbili yake hutakuwa mbali. Lenga kompresa inayotoa kweli lita 280 au zaidi, kwa kawaida hp 4 hadi 5.5 na tangi la lita 200. Kama una fezi moja tu, kompresa mbili za hp 3 zilizounganishwa hufanya kazi.

Unyevu ndio adui mkubwa zaidi, hasa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar. Hewa yenye maji hula elektrodi na nozeli mara kadhaa kuliko kawaida. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kufunga chujio la maji mdomoni mwa kompresa. Hapo hewa bado ni ya moto, maji yake ni mvuke, na mvuke hupita kwenye chujio bila salamu. Pitisha hewa kwanza kwenye bomba la chuma au shaba la mita 10 au zaidi, ukilizungusha ukutani kwa mteremko, na kila kona ya chini iwe na kikoba chenye koki ya kutolea maji. Chujio lifuate mwishoni, karibu na plazma, kisha chombo cha silika jeli, chembe zinazofyonza unyevu. Mwenye uwezo anunue draya ya kupoza hewa amalize. Kupima ni rahisi: puliza hewa bila moto na ushike kioo kikavu mbele ya tochi. Kikipata ukungu, usikate.

Umeme

Mashine ya ampea 45 kwenye volti 230 fezi moja huvuta karibu ampea 33. Ongeza kompresa, mota za meza na grenda ya mwenzako, na laini ya kawaida ya duka itazidiwa. Fezi tatu inalipa. Anayetegemea jenereta asichukue chini ya kVA 15 kwa plazma ya ampea 45 na kompresa pamoja, kwa sababu kompresa ikianza huvuta mara kadhaa ya kawaida yake, na volti ikianguka wakati huo plazma hujizima katikati ya kipande.

Meza sasa

Shiti sokoni ni futi 8 kwa 4, kwa hiyo meza ya mm 1220 kwa 2440 hukuepusha na kazi ya kukata shiti kwanza. Nafasi ikiwa ndogo, futi 4 kwa 4 inafanya kazi mradi fremu iwe wazi upande mmoja ili usogeze shiti. Kuna zile ndogo za kubebeka, zenye reli moja na mkono uliochomoza. Ni nafuu, na kwa plati za mm 6 kwenda juu zinafaa. Kwa shiti nyembamba, hapana: nyingi mwisho wake ni mm 3000 hadi 4000 kwa dakika, na geji 16 kwa ampea 45 inataka mwendo wa zaidi ya hapo. Ukitembea polepole joto hubaki kwenye shiti, pembe huyeyuka na slagi nene hujipanga chini. Kama ndiyo uliyonayo, shuka hadi ampea 30 na utumie nozeli yake.

Upande mrefu uwe na mota mbili, moja kila reli. Mota moja huacha daraja (boriti inayobeba tochi) likivutwa upande na miraba hutoka mshazari. Gia na reli zenye meno hudumu kwenye vumbi kuliko mkanda.

Trei ya maji chini ya shiti hunasa moshi na vumbi na hupunguza kujikunja. Kina cha sm 10 kwenye meza ya futi 8 kwa 4 ni karibu lita 300, yaani kilo 300. Ongeza plati ya mm 12 yenye kilo 280 nyingine, halafu utazame upya miguu ya meza na sakafu. Weka koki kubwa ya kutolea tope, na dawa ya kuzuia kutu. Maji yakilala wiki nzima yatazaa mbu. Alumini usiikate juu ya maji yenye tope la alumini: huzalisha haidrojeni, na cheche ya plazma inatosha kuilipua. Mabati yenye zinki yakatwe penye hewa ya kutosha hata kama una maji.

Flati ba (vipande bapa vya chuma) za kushikilia shiti ni za kutupwa, kwa sababu moto huzila. Zikae kwenye nafasi zilizochongwa ili uzitoe kwa mkono. Meza yenye flati ba zilizochomelewa utaichukia.

Kwenye programu, vidhibiti vya Starfire na Fangling husoma faili kwenye flashi na havihitaji kompyuta karibu na vumbi, jambo zuri kwa karakana. Michoro ya DXF (aina ya faili ya mchoro) unaweza kuchora kwa Inkscape au LibreCAD bila malipo, na programu ya SheetCam huipangia tochi njia ya kukata. Kumbuka kwamba kwenye tochi za kawaida upande wa kulia wa mwendo ndio ulionyooka: mzunguko wa nje ukatwe kwa mwelekeo wa saa, matundu kinyume chake. Matundu yapunguziwe mwendo mpaka karibu asilimia 60 na THC izimwe humo. Tundu dogo kuliko unene wa plati, toboa kwa drili.

Kabla ya kulipa salio

Omba jaribio mbele yako, au kwa video ikiwa muuzaji yuko China, lakini kwa shiti yako na faili yako. Chora mstatili wa mm 1000 kwa 2000, kisha upime mishazari yote miwili: kila mmoja uwe mm 2236, na tofauti yao isizidi mm 1. Kata duara la mm 100 na ulipime pande mbili. Mwisho, weka shiti ya geji 16 uliyoipinda makusudi na uiache mashine ikate mistari mirefu juu yake bila kuguswa.

Uliza pia nozeli na elektrodi zake zinapatikana duka gani mjini kwako. Tochi za aina ya P80 zina vipuri vingi na rahisi, vingine vya ovyo. Za kampuni kubwa ni ghali lakini hudumu. Elektrodi ya Powermax hubadilishwa shimo lake likizidi kina cha mm 1.6, na nozeli tundu likiacha kuwa duara. Kama muuzaji hana hata seti kumi za kukupa siku hiyohiyo, hajawahi kuitumia mashine anayokuuzia.